Kuku, Mbwa wa Lyamkena na Sindano Inayokula Masikio

Leo tuwape mapumziko wasanii wetu na bifu zao. Nina bifu la zamani zaidi, la profesa na mwanafunzi wake, na cheche zake zimeruka miaka na bahari mpaka zikatua Lyamkena, hapa Makambako, ndani ya sikio la mbwa. Tulia nikupe mkasa.

Mwaka ni 1943. Marekani, jimbo la New Jersey, chuo cha Rutgers. Dogo wa miaka 23 anaitwa Albert Schatz, katoka familia ya wakulima, anapiga kazi usiku na mchana kwenye chumba cha chini kabisa cha jengo. Kwa nini chini? Kwa sababu alikuwa anacheza na vijidudu vya kifua kikuu, na bosi wake hakutaka vijidudu hivyo vipande ghorofani. Oktoba 19 mwaka huo, Schatz akapata alichokuwa anakitafuta: kijidudu kinachotoa dawa ya kuua vijidudu vingine. Alikipata mara mbili. Kimoja kilitoka kwenye udongo uliojaa samadi. Kingine kilitoka kwenye koo la kuku.

Ndiyo, kuku. Huyu huyu wa supu.

Dawa hiyo wakaiita streptomaisini. Penisilini ilikuwa tayari inatamba vitani wakati huo, lakini kwa kifua kikuu ilikuwa haifui dafu. Streptomaisini ikawa antibayotiki ya kwanza kukitikisa kifua kikuu chenyewe. Profesa Selman Waksman, bosi wa Schatz, akazunguka dunia akipigiwa makofi, na jina la dogo likawa linapungua kwenye kila hotuba. Mwaka 1950 Schatz akampeleka mahakamani. Wakaelewana: dogo akatambuliwa kisheria kuwa mgunduzi mwenza na akapewa asilimia 3 ya fedha za hati miliki. Mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ikatoka, ikaenda kwa Waksman peke yake. Hapo unaona kabisa kwamba mambo ya "wimbo ni wangu, jina ni lake" hayakuanzia studio za Sinza.

Sasa tupande gari mpaka Makambako, pale njia panda ambapo ukinyoosha unakwenda Mbeya na ukikata kushoto unakwenda Njombe na Songea. Kata ya Lyamkena. Kuna dada mmoja pale, jina tunalo, anauza mitumba karibu na stendi na anaishi na mama yake na mbwa mmoja chotara mwenye masikio ya kulala. Msimu wa mvua, mbwa akaanza kutikisa kichwa kama anakataa kitu. Anajikuna mpaka analia. Ukimsogelea, sikio la kulia linatoa harufu ya ulanzi wa juzi.

Dada akaweka kwenye status. Mnajua status zetu. Ndani ya saa moja alikuwa na madaktari ishirini: weka oili chafu, weka spiriti, weka majivu, mpe rangi mbili. Jirani mwenye ng'ombe akamwambia hayo yote ni kupoteza muda, mchome penstrepu, kwake inaponya kila kitu. Chupa ikanunuliwa, mbwa akachomwa, na kwa kuwa kulikuwa na kapsuli za amoksilini zilizobaki ndani, akapewa na hizo juu yake, tumbo likiwa tupu.

Siku ya pili mbwa akatapika. Ugali na dagaa akavinusa tu. Jioni akaanza kuharisha, na kwa baridi ile ya Makambako dada yuko nje na tochi ya simu anafuta. Akasema basi, naacha dawa zote, heri sikio linuke.

Hapo ndipo akatokea babu wa nyumba ya pili.

"Shikamoo babu."

Kimya.

"Babu, shikamoo!"

"Marahaba mjukuu wangu. Njoo upande huu, hilo sikio lingine halina kazi. Umemchoma nini huyo mbwa?"

Akaonyeshwa chupa. Babu akaisogeza mbali na macho, akasoma taratibu, akacheka bila furaha. "Strepu. Hii naijua. Ndiyo iliyoniponya, na ndiyo iliyonifunga sikio hili."

Wengi tunalitamka neno penstrepu bila kusikiliza linasema nini. Ni dawa mbili kwenye chupa moja: "pen" ni penisilini, "strepu" ni ukoo wa streptomaisini, ile ya dogo Schatz. Ukisoma chupa nyingi za mifugo kwa makini utakuta imeandikwa dihidrostreptomaisini. Huyu ni mdogo wake streptomaisini, alitengenezwa miaka ile ile ya 40 baada ya kaka yake kuanza kulalamikiwa.

Na malalamiko yalianza mapema mno. Waliofanya majaribio ya kwanza ya maana walikuwa wawili katika kliniki ya Mayo, Minnesota: daktari wa watu, Corwin Hinshaw, na mtaalamu wa magonjwa ya wanyama, William Feldman. Niwakumbushe hapo wanaodharau madaktari wa mifugo. Walianza na simbilisi, hawa hawa wanaokimbizana majikoni kwetu Njombe, na simbilisi wenye kifua kikuu wakapona. Novemba 1944 wakampa binti wa miaka 21 aliyekuwa anakwisha, na yeye akapona, akaja kuolewa na kuzaa. Lakini haikuchukua muda wakagundua kwamba wagonjwa wanaopata dawa hii wanapepesuka kama wamelewa, na wengine masikio yanavuma.

Waingereza nao wakaipima mwaka 1947, kwa utafiti ambao mpaka leo unafundishwa vyuoni. Wagonjwa 107. Wenzetu 55 walipewa streptomaisini na kupumzika kitandani, 52 walipumzika tu, kwa sababu dawa haikutosha wote. Baada ya miezi 6, kundi la dawa walikuwa wamekufa 4. Kundi la kitanda, 14. Kwa hiyo ilikuwa inaokoa watu kweli, hilo halina ubishi. Ila wengi waliookolewa walipata kizunguzungu, na kwa wengi pia vijidudu vilijifunza kuizoea dawa ndani ya miezi michache. Usugu wa dawa, hili neno tunalolisikia kwenye semina, lilikuwepo toka siku ya kwanza.

Kuna staa pia kwenye hadithi hii. Mliosoma Shamba la Wanyama, kile kitabu ambacho Fortunatus Kawegere alikileta kwa Kiswahili mwaka 1967, mnamkumbuka mwandishi wake George Orwell. Mwaka 1948 alikuwa hoi kwa kifua kikuu kwenye hospitali ya Hairmyres, Scotland. Rafiki yake mwenye gazeti, David Astor, akasaidia dawa iagizwe Marekani, maana Uingereza ilikuwa haipatikani kirahisi. Orwell akachomwa. Ngozi ikawa nyekundu na kubanduka, mdomo ukajaa vidonda, nywele zikadondoka, kucha zikaharibika. Baada ya siku kama 50 wakasitisha. Dawa iliyobaki wakapewa wagonjwa wengine wawili, wake wa madaktari, na wote wawili wakapona. Yeye akafariki Januari 1950, ana miaka 46. Ukiniuliza mimi, sijui hadithi nyingine inayoonyesha vizuri zaidi kwamba maudhi ya dawa hayana heshima kwa umaarufu. Chupa ile ile, mmoja imemshinda, wawili wamenyanyuka.

Ndipo akaja huyo mdogo mtu, dihidrostreptomaisini. Aliletwa kwa matangazo kwamba kizunguzungu chake ni kidogo, na kweli kilikuwa kidogo. Tatizo alipokosea mlango mmoja alipiga mwingine: yeye alikuwa anaua usikivu wenyewe, tena mara nyingine wiki kadhaa baada ya dawa kusimamishwa, na ukishapotea haurudi. Madaktari wa binadamu wakamweka kando. Upande wa mifugo akabaki, kwa sababu ng'ombe akipoteza usikivu kidogo nani atajua? Hawezi kukwambia "rudia, sijasikia".

Mbwa naye hawezi. Ila mbwa wa Lyamkena kazi yake ni kusikia. Analinda geti usiku.

Turudi kwa babu. Aliugua kifua kikuu katikati ya miaka ya 80, na hapo anaingia kwenye historia ambayo sisi Afrika Mashariki hatujisifii vya kutosha. Zamani matibabu ya ugonjwa huo yalikuwa miezi 18, na watu walikuwa wanaishia njiani. Mwaka 1972 yakatangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa na madaktari wa Afrika Mashariki pamoja na Waingereza: ukichanganya dawa sawasawa, ikiwemo streptomaisini, miezi 6 inatosha. Dunia ikashtuka. Mwaka 1977 Tanzania ikaanzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na mshauri wake mkubwa akawa Karel Styblo, mtu wa Chekoslovakia aliyekuwa anaujua ugonjwa huo mwilini mwake, maana aliupata kwenye kambi ya mateso ya Wanazi. Mfumo uliojengwa hapa kwetu, wa mgonjwa kumeza na kuchomwa dawa mbele ya mhudumu na kila jina kufuatiliwa kwenye daftari, ndio Shirika la Afya Duniani lilikuja kuubeba miaka ya 90 na kuupeleka nchi nyingine.

Kwa babu mfumo huo maana yake ilikuwa hivi: miezi 2 ya kwanza sindano kila siku, sindano kama 60 matakoni, halafu miezi 6 ya vidonge. "Sindano ya arobaini na kitu," alimwambia dada, "nikaanza kusikia nyuki. Nikamwambia nesi. Nesi akasema vumilia, ukiacha utakufa. Nikavumilia. Sikufa."

Hapo sina la kuongeza. Kwake hesabu ilikuwa sikio kwa uhai, na akalipa. Kwa mbwa wa dada hesabu ni tofauti kabisa, maana hakuna aliyejua kama mbwa yule anahitaji strepu hata tone.

Kesho yake bajaji, mbwa kafungwa mdomo kwa kitambaa, mpaka kwa daktari wa mifugo. Daktari hakukimbilia sindano. Kwanza akatazama sikio kwa kile kifaa chenye taa. Sikio la mbwa halikunyooka kama letu. Linashuka chini halafu linakata kona kuingia ndani, kama herufi L, kwa hiyo uchafu na unyevu vinakaa kwenye kona, na mbwa mwenye masikio ya kulala anaziba na mlango kabisa. Alichokuwa anakitafuta daktari ni kiwambo cha sikio: kizima au kimetoboka? Swali hili ndilo linaloamua dawa gani itiwe. Matone mengi ya masikio ya mbwa yana gentamaisini au neomaisini, na hawa wawili ni binamu wa damu wa streptomaisini. Neomaisini ilitoka maabara ile ile ya Waksman mwaka 1949. Kiwambo kikiwa kizima, matone yanabaki nje na yanafanya kazi vizuri. Kikiwa kimetoboka, yanaweza kupita mpaka sikio la ndani, kwenye vinyweleo vidogo sana vya kusikilia, na kuvichoma.

Kiwambo kilikuwa kizima. Akachukua uchafu kidogo na pamba, akaupaka kwenye kioo, akautazama kwa hadubini. Fangasi. Wamejaa tele, na bakteria wachache tu wa kusindikiza. Ule unuka-ulanzi ulikuwa chachu kweli, si matusi. Sasa penstrepu inaua bakteria, fangasi haiwahusu. Yaani mbwa alitapika, akaharisha, akahatarishwa masikio, na mwenye kosa amekaa sikioni anashangilia.

Sindano na kapsuli vikasimamishwa kwa amri ya daktari. Sikio likaoshwa kwa dawa maalumu ya kuoshea, likakaushwa, akaandikiwa matone yenye dawa ya fangasi, na tarehe ya kurudi aangaliwe tena kwa hadubini, si kwa kunusa. Hili la kurudi watu wengi hulikwepa. Sikio huacha kunuka siku kadhaa kabla halijapona, mwenye mbwa anaona mambo safi, anaacha, na mwezi ujao tuko pale pale.

Kuhusu kusafisha nyumbani, sitawachosha. Dawa uliyopewa na daktari inamiminwa sikioni, unakanda chini ya sikio taratibu mpaka usikie inachezacheza, unamwacha ajitikise (simama mbali, na usivae nguo nyeupe), halafu unafuta kile unachokiona tu. Vijiti vya pamba vinasukumia uchafu kwenye ile kona. Spiriti kwenye kidonda unaijua mwenyewe. Oili chafu ni sumu, na mbwa atailamba.

La maudhi ya dawa ndilo lenye maneno mengi, kwa sababu kuna mbwa ambao kweli wanahitaji antibayotiki za kumeza, hasa maambukizi yakishuka sikio la kati, na dozi inaweza kwenda wiki kadhaa. Amoksilini na ndugu zake huchafua tumbo kwa sababu haziui wabaya peke yao. Utumbo una bakteria wake wema, na wao wanakufa kwenye msafara. Mara nyingi kumpa dawa pamoja na chakula kunamaliza nusu ya ugomvi. Wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mifupa, bila kitunguu, kidogo kidogo mara nyingi, na maji karibu muda wote. Kuharisha kidogo huku mbwa bado anacheza na kunywa maji ni jambo la kumpigia daktari simu, naye atasema uendelee, abadilishe dawa au abadilishe saa. Usiamue mwenyewe kukata dozi nusu. Ukifanya hivyo unabakiza wale bakteria wagumu peke yao sikioni, ndio wazazi wa kizazi kijacho, na wale wagonjwa wa Kiingereza wa 1947 walishatuonyesha kinachofuata.

Kuna hili pia la maziwa. Kwetu mtu akipewa sumu, maziwa. Mbwa akidhoofika, maziwa. Kama dawa aliyopewa ni oksitetrasaiklini, ile OTC ya mifugo, maziwa yanaishika dawa tumboni na nyingi haiingii mwilini, na mbwa wengi wakubwa maziwa yenyewe huwaharisha. Dawa za jamii hiyo pia hutia madoa meno ya watoto wa mbwa yanayoota. Na kumtuliza maumivu kwa Panadol, diklofenaki au brufeni zako, usithubutu. Tumbo na figo za mbwa hazikuumbiwa hizo.

Halafu kuna dalili ambazo huzisubirii asubuhi: uso kuvimba na ngozi kutoka vipele ghafla, kupumua kwa shida, kinyesi chenye damu, kutapika kila anachokunywa, kichwa kulalia upande mmoja, kupepesuka, macho kuchezacheza upande kwa upande. Na ile ya kimya kimya, umemwita kwa nyuma hageuki. Mbwa wa babu yeyote wa Lyamkena anayesikia sufuria ikifunuliwa nyumba ya tatu, siku asipogeuka, jua kuna kitu.

Kwa watu, mambo yamesogea. Mwaka 2009 hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ambayo imekuwa ya kifua kikuu tangu enzi za mkoloni, ilianza kutibu wagonjwa wa kifua kikuu sugu, na dawa za wakati huo zilihitaji miezi ya sindano za kanamaisini, binamu mwingine wa ukoo ule ule, na masikio yakaendelea kulipa. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema kanamaisini isitumike tena kwa kazi hiyo, na sasa matibabu mengi ya ugonjwa huo sugu ni vidonge vitupu. Imejulikana pia kwamba kuna watu wamerithi kwa mama zao udhaifu fulani, sindano chache tu zinawaziba masikio kabisa. Upande wa mifugo, chupa ya penstrepu bado iko rafuni.

Yule kuku sasa. Vile vinyweleo vya sikio la ndani, kwa binadamu na kwa mbwa, vikifa vimekufa. Babu anasubiri toka miaka ya 80 na havijarudi. Mwishoni mwa miaka hiyo hiyo ya 80, watafiti Marekani waliwapa vifaranga gentamaisini mpaka vinyweleo vikafa, wengine wakawapigia kelele kubwa kwa lengo hilo hilo, kisha wakasubiri na kutazama. Vilikuwa vinaota upya. Ndani ya wiki chache vifaranga walikuwa wanarudishiwa usikivu wao. Maabara kadhaa duniani zinahangaika mpaka leo kutafuta namna ya kuliamsha jambo hilo kwa sisi wenye masikio ya nje, na kuku wa Lyamkena wanapita uani wakidonoa, wakisikia kila kitu.